Mama wa Bwana Ndani ya Machela

Nimewasikia. Msidhani kwa kuwa masikio yangu yameota mvi basi hayapitishi kitu. Jumapili mlipokaa barazani kwangu mkinywa kahawa yangu, nyinyi vijana wa shamba la mkonge, hamkuwa na mazungumzo mengine ila ile ndege ndogo aliyonunua meneja wenu. Inatua kwenye nyasi huko karibu na Kingolwira, inapaa, inarudi. Mmoja akasema inamletea meneja barafu kutoka Dar es Salaam. Mwingine akasema barafu wapi, inamletea mwanamke. Wa tatu, ambaye ni mjukuu wangu wa damu na ningependa angalau yeye awe na akili, akaapa kwamba safari ya juzi ndani alikuwamo mbwa peke yake, amekaa kitini. Wote mkasonya, maana trela linalowapeleka nyinyi shambani halina hata ubao wa kukalia.

Sonyeni tu, haina ushuru. Hata mimi nilisonya sana enzi ya Mdachi, wakati ndege ya kampuni ilikuwa na miguu minane, na miwili kati ya hiyo ilikuwa yangu.

Nilikuwa mbeba machela. Najua wengine wenu hamjapata kuiona. Ni kitanda cha turubai kinachoning'inia chini ya mti mrefu, na mti huo unakaa mabegani mwa watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Ndani analala mtu ambaye miguu yake mwenyewe ni mizima kabisa. Kampuni yetu ilikuwa ikichimba ulanga juu ya milima, yale mawe yanayobanduka kama kurasa na kung'aa kama kioo, ambayo Wazungu waliyataka sana kwao Ulaya. Kambi ya machimbo ilikuwa juu ya Mlali, mwendo wa asubuhi nzima kupanda, na ofisi ilikuwa mjini Morogoro. Kati ya kambi na ofisi mchimbaji alikwenda kwa miguu, mpagazi alikwenda kwa miguu na sanduku la ulanga kichwani, na Bwana wetu alikwenda amelala.

Kampuni ilikuwa na machela tatu. Moja ya kila siku. Moja ya wageni. Ya tatu ilikuwa na paa la turubai, mito miwili kutoka Ulaya, na mapazia ya kijani yanayofungwa kwa kamba pande zote. Hiyo ndiyo iliyotutoa roho kwa maneno. Watu walikuwa wanajua imeshonwa na fundi gani, mito ina manyoya ya ndege gani, na kwamba mtu mweusi akilala humo, hata kwa mzaha, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, yeye na wote waliombeba. Hilo halikuwa uvumi. Lilisomwa mbele yetu sote.

Bwana tulimwita Sasahivi, kwa kuwa Kiswahili chake karibu chote kilikuwa hicho. Chai, sasa hivi. Machela, sasa hivi. Mvua ikinyesha alitazama juu kwa hasira, nasi tulingoja aiambie iache sasa hivi.

Aliyenifundisha kazi ni Maganga, Mnyamwezi, kiongozi wetu sisi wabebaji. Yeye alikuwa mpagazi tangu zamani za misafara, kabla reli haijafika Morogoro na kuwaharibia watu wa kwao kazi. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama kisigino. Mimi ni Mluguru, na nyinyi mnajua, au mngepaswa kujua, kwamba Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Kwa hiyo Maganga alinifundisha kwa matusi tangu siku ya kwanza, wala sikuwa na haki ya kukasirika.

"Mtani," aliniambia aliponiona, "wewe ni mrefu, na watu wa milimani ni wafupi. Mama yako alipita na msafara wetu nini?"

"Angepita na msafara wenu," nikamjibu, "ningezaliwa na mzigo kichwani."

Akacheka mpaka akakaa chini. Basi tukapatana.

Safari yangu ya kwanza nilimtapisha Bwana. Nilidhani kubeba ni nguvu, na kwamba wabebaji wanapendeza wakitembea kama askari, mguu wa kushoto pamoja, wa kulia pamoja. Nikamlazimisha mwenzangu Mohamedi, tuliyekuwa naye nyuma, aende nami sawasawa. Machela ikaanza kupembea. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hatujafika hata nusu ya njia, Bwana akatoa kichwa akarudisha chai yote aliyokunywa asubuhi, na sehemu yake ikanipata mguuni. Maganga aliomba radhi kwa Bwana kwa heshima kubwa, kisha akanivuta pembeni.

"Anayebeba pamoja na mwenzake hatembei pamoja na mwenzake," akasema. "Wewe ukiinua, yeye akanyage. Hapo mzigo unatulia. Mkiinua nyote, nani anabaki ameushika?"

Hiyo ni ya kwanza. Nyingine ni kwamba kwenye mpando wafupi wakae mbele na warefu nyuma, na kwenye mteremko warefu watangulie, ili aliyelala abaki sawa. Kichwa kitangulie kupanda, miguu itangulie kushuka. Begani uweke majani makavu ya mgomba yaliyosukwa, usiweke kitambaa, kwa sababu kitambaa kikilowa jasho kinachuna ngozi. Na kubwa kuliko zote: kiongozi akiita "Bega!" unahamisha mti kutoka bega hili kwenda la pili papo hapo, pamoja na wenzako wote, bila kusimama na bila kufikiri. Ukichelewa kidogo tu, uzito wote unamwangukia mtu mmoja. Likumbukeni hilo neno, nitalirudia kwa aibu.

Sasa nije kwenye Alhamisi. Kila Alhamisi machela ya mapazia ilipanda kambini tupu, na ikashuka nzito, mapazia yamefungwa, naye Bwana hayumo. Bwana yuko ofisini Morogoro anaandika barua. Sokoni watu wakawa hawalali. Kuna nini humo ndani?

Sisi tulijua, maana mbebaji hadanganywi na pazia, bega linamwambia. Mtu aliyelala hujisogeza, hupumua, hujikuna. Ule mzigo haukujikuna. Ulikuwa ulanga, vipande vikubwa vilivyo safi kuliko vyote, ambavyo havikuingia kwenye masanduku ya kampuni. Bwana alikuwa akiwaibia wenye kampuni yao na kuuza kwa njia zake. Na hapa ndipo lilipokuwa chungu. Mchimbaji akitoka machimboni jioni alipekuliwa nguo, nywele, hata mdomo alifunguliwa akaangaliwa chini ya ulimi. Nilimwona mzee mmoja akichapwa kwa kipande kisichozidi ukucha, alichotaka kumpelekea mjukuu achezee. Siku ya pili yake tulipita mlango uleule na machela imejaa, na wapekuzi wakasimama wima kuipigia saluti.

Maganga alituonya. "Mdomo uwe na kufuli. Ukisema ni ulanga, Bwana atasema umeuiba wewe. Nani ataaminiwa?"

Nikafunga mdomo juu ya ukweli, lakini uongo sikukatazwa. Siku moja Mama Chausiku, aliyekuwa akiuza vitumbua Mlali kwenye njia yetu, alinibana. "Wewe mtoto, mimi nakupa kitumbua cha bure kila safari. Niambie, ndani kuna nani?"

Nikatazama kushoto na kulia kama mtu mwenye siri. "Mama yake Bwana," nikasema.

"Mama yake!"

"Amemleta kutoka Ulaya. Mzee sana. Hataki kuonekana uso. Atakayefunua pazia atakiona cha mtema kuni. Hali kitu ila mayai."

Lile la mayai sijui nililitoa wapi. Lakini Mama Chausiku alipewa vitu viwili na Mungu, mkono wa vitumbua na mdomo wa kusambaza habari. Alhamisi iliyofuata, huko Morogoro, niliambiwa mimi mwenyewe, kwa kiapo, kwamba mama yake Bwana ana miaka mia, anavuta kiko, na alipita Dumila akiwa amebebwa na ng'ombe. Askari wa kizuizi pale mwanzo wa mji, kuanzia shaushi, mkubwa wao, mpaka wa mwisho, wakaanza kukaza mikanda kila wanapoona mapazia ya kijani. Mama Chausiku akawa hatuachii kupita bila kutoa mayai mawili "ya bibi". Tuliyala sisi. Mayai ya bibi yalikuwa matamu.

Basi Alhamisi moja tulikuwa tunashuka kutoka kambini na mzigo wetu usiojikuna. Tulikuwa sita, wanne chini ya mti na wawili wa kupokezana. Maganga alikuwa mbele pamoja nami, yeye upande wa korongo. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jiwe lilikuwa na utelezi. Nami nilikuwa katika raha yangu. Nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi mama yake Bwana anavyopiga chafya, nikiigiza, nao wa nyuma wanakufa kwa kicheko.

Maganga akaita "Bega!"

Sikusikia. Wote walihamisha mti isipokuwa mimi, niliyekuwa katikati ya chafya. Uzito wote ukamlalia yeye, mguu ukateleza, akaporomoka kwenye korongo. Tulipomfikia, mfupa wa mguu wake ulikuwa umetoboa ngozi chini ya goti.

Vijana wangu, nimezeeka, na sauti ya anguko lile bado ninayo. Hakulia. Alinitazama tu akasema, "Mtani, umesahau bega."

Nililia mimi badala yake.

Tukafikiri. Kambini hakukuwa na daktari, kulikuwa na nyapara na kiboko. Misheni ya Morogoro alikuwapo mtawa mmoja aliyejulikana kwa kuunga mifupa, lakini mjini ni mbali, na mguu wa namna ile ukipata joto la siku mbili unaoza, na mtu anakwenda na mguu wake. Kumbeba mgongoni kwenye mteremko ule ni kumuua. Tulikuwa na kitu kimoja tu cha kumbebea, nacho kilikuwa pale mbele yetu, kina mito miwili kutoka Ulaya.

Mohamedi akasema, "Hamsa ishirini kila mmoja. Na ulanga je?"

"Ulanga tutauficha kwenye majani," nikasema. "Hauna mguu wa kuoza."

Aliyekataa alikuwa Maganga mwenyewe. "Mimi nimebeba watu tangu sijaota ndevu. Sijabebwa. Mtaniaibisha."

"Utabebwa," nikamwambia. "Na utabebwa na Mluguru. Kama hutaki, nyanyuka unipige."

Akajaribu kunyanyuka, meno yakamgongana kwa maumivu, akarudi chini. "Basi," akasema. "Lakini mtani, beba vizuri."

Tukaushusha ulanga, tukauficha chini ya majani ya kijito. Tukaufunga mguu kwa vijiti na kamba za migomba, tukamlaza, tukateremsha mapazia, tukaweka mti mabegani. Mpaka hapo hatukuwa na akili nyingine ila kufika. Ni Mohamedi aliyesema, tulipoanza kuona moshi wa nyumba za Mlali, "Watu wakiuliza?"

Nikasema, "Nani atauliza? Wote wanajua ndani kuna nani."

Naapa sikuwa nimefikiri hivyo mpaka neno liliponitoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mimi nililisema, na sasa lilikuwa limekuja, limelala kwenye mito, limevunjika mguu.

Msidhani ilikuwa safari ya kimya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Maganga, ijapokuwa sasa ndiye aliyebebwa, hakusahau kazi ya wabebaji. Kila hatua ilitoka sauti nyuma ya pazia: "Mohamedi, unakanyaga pamoja na mtani! Wewe wa nyuma, umelala? Bega! Nimesema bega! Hivi ndivyo nilivyowafundisha?" Nikamwomba anyamaze, kuna watu mbele. Akasema, "Ninyamaze vipi, nanyi mnanitikisa kama maziwa?"

Mlali watu walikuwa wamejaa njiani. Mama Chausiku akatoka mbio na mayai yake. Siku nyingine zote tuliyapokea sisi. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, alipata ujasiri. Akapiga magoti kando ya machela akasema kwa adabu zote, "Shikamoo bibi. Nimekuletea mayai."

Tukaganda. Mimi nilikuwa nasoma dua. Mara pazia likasogea kidogo, mkono ukatoka, umezungushiwa foronya nyeupe ya Bwana mpaka vidoleni, ukapokea yai moja, ukarudi ndani. Ukatoka tena, ukachukua la pili. Kisha ikasikika sauti nyembamba ya kikongwe: "Mm."

Mama Chausiku aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mpaka anazikwa alikuwa akieleza kuwa alimpa mama yake Bwana mayai mkono kwa mkono, na kwamba ngozi ya yule bibi ilikuwa nyeupe kama karatasi. Sikumsahihisha. Alikuwa na furaha.

Kutoka Mlali hadi mjini tulikwenda karibu kukimbia, tukipokezana, na Maganga akapunguza matusi, na mimi nikaogopa kuliko alipokuwa akitukana. Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipoona kizuizi. Shaushi alituona kwa mbali, akawapanga askari wake. Nikajiambia tumepita.

Kumbe pale kizuizini, juu ya nyumbu wawili, walikuwapo Wazungu wawili. Mmoja alikuwa Bwana Sasahivi. Wa pili nilikuwa simjui, mwenye miwani na kofia nyeupe mpya. Baadaye tuliambiwa na mpishi kwamba alikuwa mkaguzi wa kampuni, ameshuka garimoshi asubuhi ile bila kutangaza, kuja kuuliza kwa nini vipande vikubwa vya ulanga havifiki Ulaya. Bwana hakupata nafasi ya kutuma mtu mlimani kutuzuia.

Mkaguzi akatunyooshea kidole, akauliza jambo kwa Kidachi. Bwana akabadilika rangi. Kwa macho yangu niliona uso ule mwekundu ukigeuka kuwa wa udongo. Alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba nyuma ya lile pazia kuna ulanga.

Hapo shaushi, ambaye alijua Kidachi cha kazi na alipenda kuonekana, akapiga mguu chini, akatoa saluti, akajibu yeye. Akajibu kwa Kidachi, kisha ili sisi wengine tusikose akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya gwaride: "Ni mama yake Bwana, mgonjwa, anatoka mlimani!"

Mkaguzi akamtazama Bwana. Bwana akamtazama shaushi. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, na mimi nikaona kiboko, mnyororo na uso wa mama yangu, vyote kwa pamoja. Kama angesema hapana, pazia lingefunguliwa. Lakini yeye ndiye aliyeogopa pazia kuliko sisi.

"Ndiyo," akasema Bwana Sasahivi. "Mama yangu. Pita. Sasa hivi!"

Tukainua miguu. Lakini mkaguzi alikuwa mtu wa adabu, Mungu amsamehe. Akashuka kwenye nyumbu, akavua kofia yake mpya, akaisogelea machela, akainama mbele ya pazia na kusema maneno mengi ya upole. Alipomaliza akabaki ameinama, anangoja jibu.

Na ndani ya pazia, mtu mwenye mfupa nje ya ngozi, aliyebebwa tangu asubuhi, akaguna. Ulikuwa mguno wa kweli, mrefu, wa maumivu, ukaishia kwenye kikohozi.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huruma. Askari wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa namtazama Bwana. Ulanga haukohoi. Nilimwona akilifikiria hilo, mdomo wazi, hatamu ikimponyoka mkononi. Sijapata kumwona mtu akitaka kujua jambo kiasi kile na akikatazwa na ulimi wake mwenyewe kuuliza.

Tukapita. Mtawa wa misheni alifungua pazia, akatutazama, akasema kitu kimoja tu: "Mwingizeni." Aliuosha mguu, akaurudisha mfupa, na Maganga alipiga kelele mara moja, jina langu, na neno la utani ambalo siwezi kuliandika mbele ya wajukuu.

Bwana akaja kesho yake, peke yake. Nilikuwapo, nimekaa sakafuni karibu na kitanda. Akafunga mlango akasema kwa sauti ya chini, "Mzigo wangu uko wapi?"

Maganga akamtazama kwa adabu. "Mzigo siujui, Bwana. Mimi ni mama yako."

Nilidhani atatuua. Mishipa ya shingo ilimvimba. Lakini angetupeleka bomani akasema nini? Kwamba wabebaji wamepoteza kitu gani, na kilikuwa cha nani? Nje, mkaguzi alikuwa akimwuliza kila asubuhi habari za mama, na misheni alimwachia maua mlangoni, maana mtawa hakuruhusu wageni. Basi Bwana alilazimika kuleta supu ya kuku kila siku mpaka mkaguzi alipoondoka. Maganga alikunywa supu ile kwa utaratibu sana. Alisema ina chumvi kidogo, akaagiza Bwana aambiwe.

Na ulanga? Tulipopanda tena, mvua ilikuwa imejaza kijito na kuusomba. Watoto wa milimani waliuokota wote, wakaupeleka kwa mama zao. Msimu ule, kila nyumba kuanzia kijito mpaka juu ya Mlali ilikuwa na kipande kikubwa cha ulanga ukutani, wanawake wakijitazamia nyuso. Asubuhi jua likiangaza mlima mzima ulikuwa unawaka. Bwana Sasahivi alipita hapo amelala kwenye machela yake, akaona mali yake inamkonyeza kutoka kila mlango, asiweze kusema hata neno. Alivuta pazia mwenyewe. Mwaka ule ule akahamishwa. Kisha vita vya Wazungu vikaja, na tulichobeba wakati huo sikiandiki leo.

Mguu wa Maganga ulipona mfupi. Hakubeba tena. Akabaki Morogoro anauza tumbaku sokoni, na kwa miaka yote hiyo, kila nilipopita, aliwaambia wateja, "Mnamwona yule? Mtumishi wangu. Alinibeba kutoka Mlali, na aliponifikisha nikamnyima bakshishi." Nami nilimwacha aseme. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kulicheka jambo lile, mimi nilikuwa na deni la bega moja, na kila nilipouona mguu ule ukivutwa sokoni nilisikia tena ile "Bega!" ambayo sikuisikia.

Alikufa masika iliyopita. Wengine wenu mlikuwa makazini, hamkuona. Walipotoa jeneza nikawasukuma vijana, nikaingia mbele, upande ule ambao siku ile ulikuwa wa korongo, upande wake. Wakaniambia, mzee, huwezi. Nikawaambia mimi ni mtani, nani atanizuia. Tukainua. Miaka mingi nilikuwa sijaweka mti begani, lakini bega halisahau: huyu ndiye, upande wa kushoto mwepesi kidogo, kwa ajili ya ule mguu.

Tulipofika nusu ya njia ya makaburini nikasema, "Wekeni chini." Watu wakadhani nimechoka. Sikuchoka. Mtani ana haki yake msibani, na nilikuwa nimeiweka kwa siku hiyo. Nikainama kwenye jeneza, mbele ya shehe na watu wote, nikasema kwa sauti, "Mama yake Bwana! Watu wa Mlali wanauliza, leo utakula mayai mangapi?"

Wazee wakaangua kicheko. Wajane walicheka na machozi. Shehe akageuka upande, mabega yakimtikisika. Desturi ni kwamba mtani akizuia maiti anapewa kitu ndipo aachie, basi mtoto wake akaniletea kifurushi cha tumbaku. Nikaipokea, lakini sikuinua.

"Sibebi," nikasema, "mpaka akohoe."

Wakacheka tena. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeinama vilevile, nangoja. Nilingoja kweli. Nikakaa hapo mpaka Mohamedi, naye sasa ni kikongwe kama mimi, akanigusa mgongo akasema taratibu, "Bega, mtani. Bega."

Safari hii nilisikia. Nikaweka bega.